Klabu ya Asilimia Moja

Jumapili, 4 Januari

Mama ameamua. Alhamisi Kuu anatimiza miaka tisini, na siku hiyo anataka kuketi nje ya kibanda chetu cha mlimani, mgongo ukutani, uso juani, chungwa mkononi. Hataki keki wala hotuba. Hasa hotuba ya shemeji Torgrim haitaki.

"Na nitapanda Dagros," akasema. "Si gari la mtu mwingine."

Dagros ni gari letu la umeme. Mama ndiye aliyelipatia jina hilo, jina la ng'ombe wake wa mwisho, kwa sababu anasema wote wawili ni weupe, wana tumbo pana, na hujichagulia siku ya kufanya kazi.

"Nitakupeleka, Mama," nikamwambia kwa furaha yote. Baadaye nikiosha vyombo ndipo nilipokumbuka kwamba Dagros hawezi mlima tena.

Zamani aliuweza, kwenda na kurudi, hita ikiwaka na redio ikiimba. Kisha vuli ya mwaka juzi kampuni ya magari ilituma programu mpya, ikaingia yenyewe tukiwa tumelala. Tulilala na magari yenye pumzi tukaamka na magari yanayohema. Siku hizi kwenye baridi Dagros anaishia kona ya Brekke, ambayo si hata nusu ya safari. Na huwezi kuazima la jirani, maana bonde zima tulinunua gari hilohilo, siku moja, rangi moja, kama tufanyavyo mambo yote hapa, kuanzia kupaka rangi kanisa mpaka kuchimba kaburi. Jumapili baada ya ibada watu hukaa kwenye magari yasiyo yao. Niliwahi kumkuta mchungaji kwenye kiti changu akitafuta glavu zake.

Lakini sina wasiwasi. Chama cha wenye magari haya kimeishtaki kampuni, na wakili wetu Synne anasema suluhu imekaribia. Kila mwenye gari atapewa betri mpya. Mama atapanda mlima.

Jumatano, 7 Januari

Nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri. Kinanda ninachopiga kanisani kimekataa kutoa sauti za juu. Waimbaji wa kwaya yangu pia.

Jumapili, 11 Januari

Aslaug, mdogo wangu, na mumewe Torgrim wamekuja kula. Nyama ya kondoo ilikuwa tamu, Torgrim akaiharibu kwa mdomo wake.

Mdomo wa mtu huyu hauna breki. Magari yalipoharibika, badala ya kulalamika kama mtu mwenye akili, alianzisha Klabu ya Asilimia Moja. Mwanachama ni yeyote anayefika nyumbani betri ikiwa imebaki asilimia moja. Unapiga picha ya dashibodi, unatabasamu, unaiweka kwenye ukurasa wa kijiji. Torgrim ndiye mwenyekiti, na picha zake ni nyingi kuliko za watu wote wakiwekwa pamoja.

"Siri ni mguu, mama mkwe," alikuwa akimwambia Mama. "Mguu mwepesi. Watu wanakanyaga gari kama wanaua nyoka."

"Na wewe hujawahi kuishiwa njiani?" Mama akamuuliza.

"Mimi? Thubutu!"

Aslaug alikuwa akitazama sahani yake kwa makini sana.

Ijumaa, 23 Januari

Asubuhi redio imetangaza. Kampuni imekubali kumaliza kesi, na wenye magari watapewa betri mpya kabla ya Pasaka. Nilimshika Mama tukacheza jikoni, yeye na mkongojo wake, mimi na mwiko wa uji. Tulicheza mpaka uji ukaungua, na hatukujali.

Saa sita Synne akapiga simu.

"Gunnvor, kaa kwanza."

"Nimesimama vizuri. Sema."

"Nyie wa bondeni mmeachwa nje."

"Nje ya nini?"

"Ya suluhu. Wote. Kampuni imesema haiwezi kumlipa mtu ambaye hakuwa na tatizo."

Nilidhani ananitania. Synne akanieleza taratibu, kama daktari anayetoa habari mbaya. Baridi ya mwaka jana gari liliuliza kwenye skrini kama dereva ameridhika na umbali wa betri. Kulikuwa na uso unaocheka, uso uliotulia na uso unaolia. Nchi nzima watu walibonyeza unaolia. Bondeni kwetu, kila nyumba, wamebonyeza unaocheka.

Nami nilibonyeza huohuo. Ningefanyaje? Nani atalia mbele ya gari kwa sababu ya baridi? Hapa hata aliyevunjika mguu husema mguu umechoka kidogo.

"Halafu," Synne akasema, "kuna ile klabu. Wamechukua picha zenu zote. Wanasema hawajaona wateja wenye furaha kama nyinyi."

Nikakaa.

Tumebakiwa na nafasi moja. Tarehe 13 Machi jaji atawasikiliza walioachwa nje, kila mtu akae ukumbini kwetu na yeye atazungumza nasi kwenye skrini kutoka mjini. "Lakini safari hii mseme ukweli," Synne akasema. "Mlalamike. Mnajua kulalamika?"

Nikamwambia tutajifunza.

Jumamosi, 24 Januari

Nimepiga kinanda kwa hasira. Mchungaji alipita akauliza kama Pasaka imeshafika.

Jumapili, 1 Februari

Leo tumejaribu. Nilimfunika Mama ngozi mbili za kondoo na kofia ya marehemu baba, nikazima hita ili umeme wote uende kwenye magurudumu. Hewa tuliyopumua iliganda kwenye vioo kwa ndani. Tuliipita kona ya Brekke, nikaanza kuimba kwa furaha, kisha nikamtazama Mama. Midomo ilikuwa ya bluu.

"Uko sawa, Mama?"

"Si mbaya."

Nikageuza gari palepale. Aslaug alisema angetuvuta kwa trekta lake siku ya siku, Mama akamjibu kwamba yeye si robota la nyasi.

Ninamwogopea. Miaka tisini si mchezo, na mwakani ni mbali.

Alhamisi, 12 Februari

Jua limerudi! Tangu Novemba mlima ulikuwa umeliziba. Saa sita na robo limechungulia juu ya mlima, likagusa mnara wa kanisa, likashuka mpaka kwenye ngazi, likaondoka. Kijiji kizima tulikuwa nje na maandazi ya jua, yale ya manjano ya kila mwaka. Watoto walipiga kelele, nami nikapiga kelele. Nimekaa miezi mitatu bila kuona kivuli changu, na leo nilikuta kimenenepa.

Mama alikula maandazi matatu, akasema, "Mlimani limekuwepo muda wote."

Jumapili, 15 Februari

Nimegombana na Torgrim mbele ya watu, kanisani, tena mlangoni.

"Ni picha zako, shemeji! Wewe na meno yako yote nje!"

"Watu walihitaji kitu cha kuchekea."

"Basi sasa cheka! Mama yangu atafikaje mlimani?"

Torgrim kukosa la kusema ni jambo ambalo sijawahi kuliona, lakini nilikuwa na hasira mno hata nisilifurahie.

Jumanne, 3 Machi

Theluji. Mazoezi ya kwaya. Nimewafundisha pia kulalamika. Niliwapanga mstari, kila mmoja aseme sentensi moja kuhusu gari lake bila kuongeza "lakini tunashukuru." Wameshindwa wote.

Ijumaa, 13 Machi

Nitajaribu kuandika yote kabla kicheko hakijanitoka.

Ukumbi ulijaa. Synne alikuja mwenyewe kutoka mjini. Jaji alikuwa kwenye skrini kubwa ya ukutani, mama mmoja mwenye miwani na sauti ya upole, na pembeni yake wakili wa kampuni, tai imenyooka. Mama alikaa mbele kabisa, mkongojo magotini, kwa sababu anasema akikaa nyuma watu humficha.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Oddmund wa kondoo.

"Bwana Oddmund, je, gari lilikuletea shida?" jaji akauliza.

"Shida? Ah. Siwezi kuita shida."

"Halikuwahi kukuzimikia njiani?"

"Lilipumzika."

"Ukafanya nini?"

"Nikatembea."

"Mpaka wapi?"

"Si mbali. Mpaka nyumbani."

Synne akaingilia. "Kilomita ngapi, Mzee Oddmund?"

"Kumi na moja hivi. Lakini hali ilikuwa nzuri. Dhoruba ilinipiga kwa mgongoni."

Jaji akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Wakaitwa wengine. Mmoja alisema gari lilikataa ila mke wake alifurahia matembezi. Mwingine alisema kweli vidole vya mguu viliganda, lakini viwili tu, na hakuwa anavitumia sana. Synne alishika kichwa. Nikaitwa mimi. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima mbele ya kioo, kila neno lilikuwa tayari, moto mdomoni. Jaji akaniuliza kama ninayo malalamiko, na mbele ya bonde zima nikasikia sauti yangu ikisema, "Tunajitahidi tu, asante."

Ningeweza kujizaba kofi.

Kisha wakili wa kampuni akasimama. Alikuwa anatabasamu. "Mheshimiwa, hawa watu wenyewe wanasema hawana shida. Na nina ushahidi zaidi." Akaweka kwenye skrini picha ya mwenyekiti wa klabu. Torgrim yuko kwenye usukani, meno yote nje, kidole gumba juu, dashibodi inaonyesha asilimia moja. Picha ilikuwa kubwa kama ukuta. "Je, huyu ni mtu mwenye tatizo la betri?"

Nilimwona Torgrim akidogosha mabega.

Ndipo Mama akainua mkongojo akaonyesha.

"Pale mbele ya gari," akasema, "lile si trekta la Aslaug?"

Tukatazama wote. Kupitia kioo cha mbele, nyuma ya kichwa kikubwa cha Torgrim, kulikuwa na kitu chekundu. Taa mbili. Bomba la moshi. Na kamba nene ikitoka pale, imekazwa, ikishuka mpaka kwenye pua ya gari.

"Picha nyingine tafadhali," jaji akasema.

Wakili hakutaka, lakini afanyeje? Picha ya pili, trekta. Ya tatu, trekta, na safari hii Aslaug mwenyewe amegeuka anatazama nyuma kwa uso wa mtu aliyeamshwa kitandani. Ya nne, ilikuwa kiangazi, gari lilikuwa linatembea lenyewe. Ya tano, trekta.

Mtu mmoja akaanza kucheka. Nadhani nilikuwa mimi. Kisha ukumbi ukalipuka.

Torgrim akasimama, uso mwekundu kama trekta lenyewe. Nilidhani atatoka nje. Hakutoka.

"Mheshimiwa," akasema, "sijawahi kufika. Tangu programu ile iingie, hata siku moja ya baridi sijafika nyumbani kwa gari langu. Ikibaki asilimia moja nampigia mke wangu. Nilianzisha klabu kwa sababu niliona aibu, na nilidhani ni mimi peke yangu."

"Peke yako!" Oddmund akaruka kutoka kitini. "Mimi nimelala humo ndani mara nne na mbwa juu ya tumbo!"

Na hapo ndipo bonde letu lilipojifunza kulalamika. Watu walipiga kelele, walisimama juu ya viti, waliingiliana. Mchungaji alisema aliwahi kuchelewa mazishi, na maiti akafika kabla yake. Jaji aligonga meza mara nyingi, lakini nilimwona amefunika mdomo kwa karatasi.

Alisema atatoa uamuzi baada ya Pasaka. Baada, si kabla. Synne ananiambia nifurahi, mambo ni mazuri. Ninafurahi. Lakini Alhamisi Kuu ni tarehe 2 Aprili, na betri haitakuwepo.

Jumapili, 22 Machi

Torgrim hakuja kula. Hii ni mara ya pili. Aslaug anasema ana kazi. Kila jioni namwona anapita na mizigo ya nyaya nyuma ya gari, anaelekea juu bondeni, halafu baadaye anarudi akivutwa na trekta, mbele ya kila mtu, bila aibu yoyote. Anawapungia watu mkono.

Nilimwita aingie anywe kahawa. Akasema ana haraka. Labda amenuna.

Jumapili, 29 Machi

Jumapili ya Matawi. Baada ya ibada nilimwambia Mama. Nilisema siku yake tutaifanyia nyumbani, nitafungua pazia, saa saba jua linafika dirisha la sebuleni kwa nusu saa nzima.

"Sawa," akasema.

Ningependa angenitukana. Alisema sawa tu, akachukua kofia ya baba iliyokuwa imetundikwa mlangoni tayari kwa safari, akairudisha kabatini. Nilikwenda kulia bafuni huku bomba likiwa wazi.

Nikiwa bado na macho mekundu Torgrim akagonga.

"Shemeji, Alhamisi saa tatu asubuhi mama mkwe awe amevaa. Dagros umemchaji?"

"Kwenda wapi? Tutaishia Brekke."

"Ndiyo, mtaishia Brekke. Hita iwake mpaka mwisho. Aone joto mpaka atoe kofia."

"Torgrim, kama huu ni mzaha wako mwingine..."

"Usiulize, Gunnvor. Mara moja tu maishani mwako, usiulize."

Alhamisi Kuu, 2 Aprili

Anga safi, theluji inang'aa mpaka macho yanauma. Tumetoka saa tatu kamili. Hita juu kabisa. Mama amevaa sweta la sherehe, anaimba vibaya, nami namwimbia sauti ya pili. Tulipokaribia Brekke dashibodi ikaanza kuwaka nyekundu.

Pale konani kuna jukwaa la maziwa. Watu wa rika langu tunayakumbuka, yale majukwaa ya mbao kando ya barabara ambapo wakulima waliweka madebe yao kila asubuhi. Mengi yameoza. Hili lilikuwa na mbao mpya. Juu yake palikuwa na chaja, waya mrefu ukitoka nyumbani kwa Oddmund, bendera, na Oddmund mwenyewe amechana nywele.

"Umechelewa, Borghild," akamwambia Mama. "Maziwa yatachacha."

Mama alilitazama lile jukwaa, akanishika mkono akaubana.

Miaka thelathini na moja Mama aliendesha lori la maziwa kwenye barabara hii. Alikuwa mwanamke pekee, na walimcheka mwaka wa kwanza tu. Kila jukwaa alisimama, akapakia madebe, akapeleka habari za nyumba hii kwa nyumba ile, dawa, barua za mapenzi, mara moja hata bata mzinga. Siku yalipokuja malori makubwa ya tangi yasiyosimama majukwaani, naye akastaafu. Tangu hapo hakuna aliyesimama.

Oddmund akachomeka waya kwenye ubavu wa Dagros, mkewe akaleta vafla za moto, mikate yetu bapa na mitamu, na jibini la kahawia, tukakaa mpaka umeme ukatosha kufika jukwaa linalofuata. Na kulikuwa na linalofuata. Torgrim alikuwa ameyatengeneza yote, moja baada ya jingine, mpaka mguuni mwa mlima, na kila nyumba ilikuwa imevuta waya wake. Magari mengine ya bonde yalitufuata nyuma, meupe yote, kama kundi linalorudi zizini.

"Hapa kulikuwa na mbwa aliyependa kung'ata tairi," Mama akasema.

"Mjukuu wa mjukuu wake huyu hapa," wakamwambia, na mbwa kweli akaenda moja kwa moja kwenye tairi.

Jukwaa la nne alitungoja bibi kizee mmoja ambaye Mama hakuwa amemwona tangu mumewe azikwe. Wanaishi barabara moja. Walishikana mikono kupitia dirishani, wakabishana nani kazeeka zaidi, wakalia kidogo, wakacheka sana. Dagros alijaa, akajaa kupita kiasi, na hakuna aliyethubutu kuchomoa waya.

Kwa sababu hiyo tulichelewa. Tulifika juu saa kumi na nusu, jua limeshainama kuelekea ukingo wa mlima. Torgrim alitungoja na kigari cha theluji, kile cha kusukuma kwa mguu. Akamkalisha Mama, akakimbia. Sijawahi kumwona mume wa mdogo wangu akikimbia. Theluji ilimfika magotini, alihema kama Dagros, na Mama akimpigia kelele, "Mguu mwepesi, mwanangu! Mguu mwepesi!"

Tukamfikisha ukutani. Nikampa chungwa. Lilibaki jua la kutosha chungwa moja, naye alilimenya polepole kabisa, uso juu, macho yamefumbwa, kofia ya baba mapajani. Sikumbuki mara ya mwisho nilipokuwa na furaha namna hii.

Jua lilipozama Torgrim alikohoa, akatoa karatasi mfukoni.

"Hotuba?" Mama akauliza.

"Fupi, mama mkwe."

"Haya, soma. Leo umeistahili."

Ilikuwa ndefu. Tuliipigia makofi.

Alhamisi, 16 Aprili

Synne amepiga simu. Jaji ameamua, tumeingizwa. Kila gari la bondeni litapata betri mpya. Kengele ya kanisa imepigwa, nami nimepiga kinanda mpaka vidole vimekufa ganzi, na safari hii sauti za juu zimetoka zote.

Nilikimbia nyumbani kumwambia Mama. Alikuwa dirishani na kahawa yake, uso bado mwekundu wa jua la mlimani.

"Hiyo betri mpya," akauliza, "itafika mpaka juu?"

"Moja kwa moja, Mama! Bila kusimama hata mara moja!"

Akanywa kahawa, akaweka kikombe chini.

"Gunnvor," akasema, "hata lori langu lilikuwa na mafuta ya kutosha, na bado nilisimama."

Nimempigia Torgrim. Nimemwambia asing'oe majukwaa.